Ganda Ndilo Linalogandisha: Mamaledi Inapokugomea

Chupa sita ziko mezani tangu jana usiku. Unainamisha moja, mamaledi uliyopika kwa machungwa, maganda yake na sukari inakimbilia upande kama sharubati. Au imekuwa ngumu hadi kijiko kinapinda. Au imeganda vizuri kabisa, ila maganda yote yamebanana juu kama abiria wa pantoni ya Kigamboni mlango unapokaribia kufunguliwa, na chini kumebaki kweupe.

Usimwage kwanza. Karibu kila kosa la mamaledi lilitokea upande mmoja wa sukari: ama kabla haijaingia sufuriani, ama baada. Kabla ya sukari kazi ni kulainisha ganda na kulitoa pektini, ule ute unaoshika kila kitu pamoja. Baada ya sukari kazi ni kupunguza maji mpaka mchanganyiko ufike kipimo cha kuganda. Sukari ikishaingia, ganda halilainiki tena, na pektini iliyobaki ndani yake imebaki humo. Kiswahili kimeshatupa jibu: ganda ndilo linalogandisha. Maji ya chungwa yanaleta ladha na uchachu kidogo tu. Nguvu ya kuganda iko kwenye ile sehemu nyeupe chini ya ganda, kwenye utando wa vipande na kwenye mbegu, yaani vitu ambavyo mikono yetu imezoea kuvitupa.

Ili tuelewane, hiki ndicho kipimo ninachokirejea humu: machungwa gramu 700, malimao gramu 300, maji lita 2, sukari kilo 1 na nusu. Maganda yanakatwa nyuzinyuzi, mbegu na utando vinafungwa kwenye kitambaa cha kuchujia tui na kuchemshwa humo humo, kisha kifuko kinakamuliwa vizuri na kutolewa kabla ya sukari. Zinatoka chupa sita hivi za gramu 350 hadi 400.

Imebaki maji maji

Kwanza subiri. Mamaledi inahitaji saa 24, na nyingine inaendelea kukaza hata siku ya pili. Kwa joto la Dar la Januari, chupa iliyokaa jikoni itaonekana laini kuliko ilivyo. Tia moja kwenye friji saa chache ndipo utoe hukumu.

Ikiwa bado inamwagika, sababu inayoongoza ni kwamba hukuchemsha vya kutosha baada ya sukari. Mamaledi huganda ikifika nyuzi joto 104 hadi 105, na hapo sukari inakuwa karibu theluthi mbili ya uzito wote. Hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari, yaani ya kwetu hapa. Kama maelekezo umepewa na shangazi wa Arusha anayesema yeye huepua kwenye 100, hajakosea. Kule juu maji yenyewe yanachemka kwenye nyuzi kama 95, kwa hiyo kila kitu kinashuka. Ukimfuata yeye ukiwa Tabata, hapa Dar, utapata sharubati. Nami nilimfuata wa kwangu. Chupa ya kwanza nikampelekea mama mkwe, akaniambia kwa upole wote, “Ahsante mwanangu, hii tutaizimua kwa maji baridi.” Sikuwa na la kujibu.

Kipimajoto nacho kijaribu kwanza kwenye maji yanayotokota. Hapa Dar lazima kisome 100. Kikisoma 97, ongeza tatu kichwani kila unapokitumia.

Huna kipimajoto? Tumia mizani, na mimi siku hizi naiamini mizani kuliko yote. Pima sufuria ikiwa tupu, andika uzito wake kwa kalamu kwenye kitako cha nje au ubaoni. Kwa sukari kilo 1 na nusu, mamaledi iliyokamilika inapaswa kuwa na uzito wa kilo 2.3 hivi. Ikiwa sufuria na vilivyomo, ukiondoa uzito wa sufuria, bado ni kilo 2.8, una nusu kilo ya maji ya kukausha na hakuna dua itakayoyaondoa.

Wengi hutumia sahani baridi: unadondosha kijiko kidogo, unasubiri dakika moja, unasukuma kwa kidole, na ngozi ya juu ikijikunja umefika. Kipimo kizuri, lakini sahani iwe baridi kweli, imetoka kwenye friza. Sahani ya kabatini hapa mjini ina nyuzi 30, na juu yake mamaledi iliyokamilika bado itatiririka. Utaendelea kuchemsha ukidhani haijafika, na utaishia kwenye tatizo linalofuata. Umeme ukiwa umekatika, weka sahani juu ya barafu ya kununua. Na kila unapopima, ondoa sufuria motoni. Dakika tatu za kukodolea sahani huku moto unawaka chini zinatosha kuharibu pishi.

Sasa, kama uzito umefika na bado haigandi, kosa ni la kabla ya sukari. Pektini haikutosha. Pengine ulitupa mbegu. Pengine ulinunua yale machungwa ya toroli yaliyokwisha kumenywa, ukaona umeokoa muda. Yale yametolewa ngozi ya nje yenye mafuta na harufu yote, kwa hiyo hata yakiganda ladha yake ni ya maji ya sukari. Pengine matunda yalikuwa yameiva kupita kiasi, yamelegea, kwani pektini hupungua nguvu tunda linapoelekea kuoza. Chagua machungwa magumu, mazito mkononi, na yawe ya juzi, si ya juma lililopita.

Kuna namna ya kujua mapema. Ganda likishalainika, kabla hujatia sukari, chota kijiko cha chai cha ule mchuzi, uache upoe, uutie kwenye glasi pamoja na vijiko vitatu vya spiriti ya dukani. Tikisa polepole, subiri dakika moja. Ukijikusanya donge moja lenye ute, endelea. Ukitoa vipande vidogo vidogo vilivyosambaa, endelea kuchemsha maganda, au ongeza malimao. Mchanganyiko huo mwaga na usiuonje, spiriti ni sumu.

Jambo la tatu ni uchachu. Pektini haishikani bila asidi. Machungwa ya Muheza, Tanga, yanayojaa soko la Buguruni katikati ya mwaka ni matamu mno kufanya kazi hii peke yake, ndiyo maana malimao yamo kwenye kipimo changu na si pambo. Ndimu zinafaa pia. Ukibahatika kupata madanzi, yale machungwa machungu ya pwani ambayo watu wengi wanayaacha yaanguke chini ya mti, shukuru. Hayo ndiyo ndugu wa machungwa ya Seville ambayo Waingereza huyasubiri kila Januari kupikia mamaledi. Yana mbegu nyingi, uchachu wake na pektini yake, na limao moja tu linatosha kuyasindikiza.

Kurekebisha: rudisha zote sufuriani, ongeza maji ya limao moja kubwa kwa kila kilo ya mamaledi, chemsha kwa moto mkali dakika tano, pima, rudia ikibidi. Kama unajua pektini ndiyo haba, tengeneza ute pembeni. Chemsha malimao matatu yaliyokatwakatwa na mbegu zake, au mapera ambayo hayajaiva sana, kwenye maji ya kuyafunika tu kwa saa nzima, chuja bila kukamua, kisha tia kikombe kimoja cha ute huo. Mapera yana pektini kwelikweli. Ladha yake itasikika kidogo, na kwa maoni yangu haidhuru.

Kuna aina moja ya maji maji isiyoponyeka kwa kuchemsha zaidi. Ni ile nzito kama asali, ya kahawia, yenye harufu ya sukari iliyoungua, na bado haishiki. Hiyo imechemshwa mno na pektini yake imevunjika. Ongeza ute mpya kama nilivyoeleza, au ikubali ilivyo uipake kwenye kuku wa kuoka.

Na tafadhali, usizidishe kipimo mara mbili ili “umalize kazi.” Sufuria ikijaa inachukua saa nzima kufika nyuzi 105, na saa hiyo nzima pektini inaumia. Sukari ikishaingia, dakika 15 hadi 25 za mchemko mkali zinatosha. Ikipita nusu saa, ama sufuria imejaa, ama moto ni mdogo, ama hukuyapunguza maji kwanza. Kabla ya sukari, matunda na maji yawe yamepungua karibu nusu.

Imekuwa gundi

Umepitiliza. Tia vijiko vichache vya maji ya moto au maji ya chungwa kwa kila chupa, pasha polepole huku ukikoroga, jaza upya. Ikiwa imeanza kunuka kuungua, hakuna njia ya kuirudisha.

Mara nyingi kosa hili linatokana na jiko la mkaa, si na mpishi. Mkaa hauna kitasa. Mchemko wa mwisho unataka moto mkali, lakini ukishakaribia unataka kuukata ghafla, na mkaa uliokolea haukatiki ghafla. Ninaowajua wanaopikia mkaa huwa na kibati cha kuchotea makaa pembeni. Sufuria nyembamba nayo inaunguza katikati kabla pembeni hapajachemka. Tumia nzito, na ikiwezekana ya stili. Sufuria ya aluminiamu iliyo wazi, ikikaa na malimao saa tatu, inaliwa na asidi, na mamaledi inatoka na ladha ya kulamba funguo.

Maganda ni magumu kama mpira

Hili sina dawa yake, na heri nikwambie mapema. Sukari iliingia kabla ganda halijaiva. Sukari huvuta maji kutoka kwenye ganda na kulikaza, na kuanzia hapo hata ukichemsha hadi adhana ya alfajiri litakaza zaidi. Kabla ya kutia sukari, toa uzi mmoja wa ganda, uache upoe, ubinye kati ya kidole gumba na cha shahada. Usagike wenyewe bila ubishi. Ukiteleza, bado. Kwa machungwa yetu inachukua saa moja na nusu hadi mbili kwa moto mdogo, sufuria ikiwa imefunikwa nusu, na maganda mazito ya balungi yanataka zaidi.

Kuloweka maganda usiku kucha kunasaidia sana, ila maelekezo mengi yameandikwa na watu wa nchi za baridi wanaosema “acha mezani.” Mezani kwao si mezani kwetu. Beseni la matunda yaliyokatwa, likiachwa jikoni Dar kuanzia jioni hadi mchana wa pili, linaanza kutoa vipovu na harufu ya togwa. Loweka kwenye friji.

Chupa zenye maganda magumu zisage kwenye blenda ukipenda. Haitakuwa mamaledi ya kujivunia, lakini ndani ya keki hakuna atakayejua.

Maganda yamepanda juu

Ulijaza chupa mara tu ulipoepua. Mamaledi ya moto sana ni nyepesi, na ganda linaelea. Iache sufuriani dakika 10 hadi 15 baada ya kuepua, mpaka uone ngozi nyembamba inaanza kujiunda juu na maganda hayakimbii tena, koroga taratibu mara moja, ndipo ujaze. Usizidishe muda huo, sababu yake utaiona kwenye sehemu ya ukungu.

Kama umeshajaza na bado ni ya moto, geuza chupa iliyofungwa vizuri kichwa chini, kisha irudishe baada ya dakika kumi. Ikishaganda, iache ilivyo.

Rangi imekuwa kaki

Swali hili nadhani ni la kwetu zaidi. Chungwa la Muheza linaiva likiwa na ganda la kijani, kwa sababu ili lipate rangi ya machungwa linahitaji usiku wenye baridi, na uwanda wa Tanga hauna baridi hiyo. Ndani ni tamu, nje ni kijani. Sasa rangi ya kijani ya mmea ikichemshwa na asidi hugeuka ya zeituni, kisha kahawia. Ndiyo hiyo kaki unayoiona, na haina uhusiano na usafi wako.

Ukijali rangi, chagua yale yaliyokwisha kugeuka manjano. Mwuzaji atakuchekea, kwani mteja wa kawaida hayataki, na hapo unaweza hata kupunguziwa bei. Au parua ngozi ya kijani nyembamba kwenye nusu ya matunda na uitupe, uache nyingine kwa ajili ya harufu, na uongeze maganda ya malimao ya njano au ya machenza. Sukari ya rangi ya kahawia inaongeza giza pia. Nyeupe inatoa mamaledi angavu, ya kahawia inatoa ladha nzito kidogo. Mimi nachanganya.

Iliyokuwa angavu ikatiwa giza kabatini baada ya miezi mitatu, hiyo ni joto. Kama kabati liko juu ya friji, iondoe hapo.

Chungu kupita kiasi

Mamaledi lazima iwe na uchungu wake, vinginevyo ni jamu. Lakini ukikukunja uso, angalia matunda: balungi na madanzi yana uchungu kwenye ile sehemu nyeupe. Na yapo machungwa ambayo maji yake ni matamu ukiyakamua, ukiyaacha saa chache yanakuwa machungu yenyewe, kwa kuwa kemikali ya uchungu hujitengeneza polepole ndani ya maji yale yenye asidi. Dawa ni ya kabla ya sukari: chemsha maganda dakika kumi, mwaga maji hayo, anza upya na maji mapya. Kwa balungi fanya mara mbili. Kila unapomwaga unapoteza pektini kidogo, kwa hiyo kifuko cha mbegu kisihusike na zoezi hilo.

Ina chenga za sukari

Ulichemsha kwa nguvu kabla sukari haijayeyuka yote. Baada ya kuitia, punguza moto, koroga mpaka mgongo wa mwiko usisikie mchanga, ufute na kuta za sufuria kwa brashi yenye maji, ndipo uwashe moto mkali. Asidi ikiwa ndogo au ukichemsha kupita kipimo, chenga zinajitokeza wiki kadhaa baadaye. Ipashe polepole na maji kidogo ya limao. Kama zipo juu tu kwenye chupa inayotumika, ni kwa sababu kifuniko hakikazwi.

Ukungu, au harufu ya pombe

Hapa kosa limetoka nje ya sufuria, liko kwenye chupa. Hewa ya Dar ina unyevu na vijidudu vya ukungu havina shida ya makazi. Ukifunika mamaledi ikiwa vuguvugu, mvuke unajikusanya chini ya kifuniko, unadondoka, na lile tone linaipunguza sukari ya juu mpaka ukungu uweze kuishi. Ukiiacha wazi ipoe kwanza ndiyo kabisa, umeukaribisha.

Osha chupa, zichemshe dakika kumi au zitie kwenye oveni nyuzi 140 kwa dakika 20. Vifuniko vichemshe peke yake na uvikaushe. Jaza chupa zikiwa za moto na mamaledi ikiwa bado juu ya nyuzi 85, acha nusu sentimita tu juu, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi, funga hapo hapo. Ndiyo maana nilisema usipitishe robo saa ya kusubiri maganda. Inapopoa, kifuniko kinabonyea chenyewe kwa mlio mdogo. Kisichobonyea, chupa hiyo iende friji na iliwe kwanza.

Chupa baridi ikipokea mamaledi ya moto hupasuka, na ya moto ikiwekwa kwenye vigae vyenye maji hupasuka vilevile. Tandika ubao au kitambaa kikavu. Chupa za plastiki zisahau.

Vifuniko vya zamani vikague. Chenye kutu tupa. Kilichowahi kufunika achari ya embe hakitatoka harufu hata ukichemshe mara tatu, ninazo chupa nne za ushahidi. Chupa zinaokoteka Kariakoo kwa bei ya maelewano, lakini jaribu kila kifuniko kwenye chupa yake ukiwa hapo hapo, maana zinafanana kwa macho na hazifungi.

Ukiona ukungu, tupa chupa nzima. Usikwangue juu ukala chini, kwa sababu sumu ya baadhi ya ukungu hushuka pasipoonekana. Inayotoa vipovu na harufu ya pombe imechacha, nayo itupe. Mara nyingi ni kwa watu waliopunguza sukari “kwa ajili ya afya.” Sukari hapa ndiyo inayohifadhi. Ukitaka ndogo, pika kidogo, weka friji, maliza ndani ya wiki tatu.

Mengine madogo

Maji yaliyojitenga juu: asidi ilizidi au chupa ilikaa kwenye joto. Yamwage, inalika. Povu lililogandia ndani: lienguliwe mwishoni mara moja tu, au tia kijiko kidogo cha siagi ukiepua, litajifuta. Sisimizi waliopata njia mpaka kwenye kifuniko: simamisha chupa katikati ya kisosi chenye maji, na uyabadilishe kila siku, mbu nao wasije wakajenga.